Usipike Namba, Mjukuu Wangu

Juzi jioni, ulipokwisha kufunga begi lako, ulinikuta barazani ukaniambia, “Bibi, lete mkono nikupime presha kabla sijaondoka.” Nikafurahi. Ulinikalisha miguu ikagusa chini, mkono ukaulaza juu ya mto, ukanifunga kile kitambaa juu ya kiwiko panapostahili, ukaniacha nitulie dakika chache bila kunisemesha. Nikasema moyoni, mtoto huyu hata chuo hajakiona na mikono yake tayari ina adabu. Mashine ikalia. Ukaitazama, kisha ukanitazama mimi. “Mia na thelathini kwa themanini,” ukasema. “Uko vizuri, Bibi.” Ukaizima upesi.

Mashine ile ina kumbukumbu, baba. Ulipolala niliwasha taa, nikabonyeza kitufe cha pembeni. Ilisomeka 162 kwa 98.

Sikukasirika. Najua ulichofanya na najua kwa nini. Hukutaka kupanda basi la Dar es Salaam ukiniacha na wasiwasi. Ile ilikuwa huruma, na huruma ndiyo iliyokufanya ukubali kwenda kusoma uuguzi, ingawa wewe mwenyewe hujaniambia hivyo. Ndiyo maana sikukuamsha alfajiri kukugombeza. Nimeketi na karatasi badala yake, kwa sababu nimechoka kuyasema haya kwa mdomo. Nimefanya kazi hii miaka 34, na karibu kila mwaka nililetewa wanafunzi wapya, na karibu kila mwaka niliwaambia maneno haya haya. Wako walioyashika. Wengine waliniona mama mtu mzima wa zamu ya usiku, mwenye kupenda kunung'unika. Wewe ni damu yangu, kwa hiyo nitayasema tena, polepole, nawe utayasoma njiani.

Namba ya mgonjwa si mali yako. Wewe umepewa kuipeleka tu. Ukishaiandika kwenye chati inaondoka mikononi mwako na kuanza kutembea peke yake: ataisoma mwenzako wa zamu inayofuata, ataisoma daktari saa nane za usiku akiwa na usingizi machoni, na mfamasia atapima dawa kwa kuifuata. Hakuna hata mmoja wao atakayejua ulikuwa na haraka au ulikuwa na huruma. Wataiamini kama ilivyo.

Nitakusimulia jambo ambalo hata mama yako hajalisikia. Ilikuwa mwaka 1983, mwaka wangu wa pili kazini, katika hospitali ambayo sitaitaja kwa kuwa kosa halikuwa la hospitali. Nilikuwa zamu ya usiku katika wodi ya wazazi, mimi na mhudumu mmoja, na akina mama arobaini na mmoja, wengine wamelala wawili wawili. Saa nne nilitakiwa niwapime wote. Nilianza vizuri. Nilimshika kila mtu mkono, nikahesabu. Kufika katikati ya wodi miguu ilikuwa imevimba, na kila niliyempima alikuwa na mapigo themanini, pumzi ishirini, themanini, ishirini. Nikafika kwa binti mmoja aliyejifungua jioni ile, mtoto wake wa kwanza. Alikuwa amefumba macho, kitoto kiko ubavuni. Nikaona kalala vizuri. Nikaandika themanini, nikaandika ishirini, nikaenda kitanda cha pili. Sikumgusa.

Saa sita daktari alipita akitoka chumba cha upasuaji. Alisimama miguuni pa kitanda cha yule binti, akachukua chati, akasoma nilichoandika, akairudisha. Akaenda zake. Na kwa nini asiende? Karatasi ilimwambia mama ni mzima.

Saa tisa kile kitoto kililia sana na mama yake hakugeuka. Nilipofunua shuka, godoro lilikuwa limelowa. Mikono yake ilikuwa ya baridi, yenye jasho, na mapigo yalikuwa yanakimbia membamba mno kiasi kwamba vidole vyangu viliyapoteza. Tulifanya kila tulichoweza. Alifariki kabla ya adhana.

Hakuna aliyeniuliza, mjukuu wangu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Wakubwa walisema ni damu nyingi baada ya kuzaa, na ni kweli ilikuwa damu. Asubuhi watu wakaisoma chati yangu, wakasikitika kwamba hali ilibadilika ghafla. Haikubadilika ghafla. Utafundishwa kwamba mwili wa kijana huficha. Damu inapopotea, moyo hukimbia kwanza na pumzi huongezeka, ilhali presha hujikaza isishuke hadi mambo yameharibika. Yule binti alikuwa anasema tangu saa nne, kwa mkono wake, na mimi sikuushika. Labda angekufa hata hivyo. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini yule daktari alifika mpaka kitandani pake saa sita, akiwa na mikono na elimu, nami nilimfukuza kwa kalamu.

Utaingia wodini utasikia wakubwa wako wakiita kuandika namba usizozipima kupika, na namba zenyewe, za joto, presha, mapigo na pumzi, wakiziita vaito. “Pika vaito, tukabidhi zamu.” Utalisikia likisemwa bila aibu, na watu wanaolisema si watu wabaya. Ni watu waliochoka, wenye wagonjwa wengi kuliko mikono, na vifaa vibovu, na mshahara ulioisha tarehe kumi. Siwahukumu, kwa sababu nimekwisha kukuambia mimi ni nani. Ila nakuomba hili: siku ambayo huwezi kupima, acha kisanduku kitupu. Andika hukupima, na andika kwa nini. Mkuu wa wodi atakufokea, nawe utakuwa na aibu, na bado kisanduku kitupu kitamwambia anayekuja kwamba hapa pana mtu ambaye bado hajatazamwa.

Na katika vyote, kinachopikwa zaidi ni pumzi. Joto lina kipimajoto, presha ina mashine, mapigo siku hizi yana kile kibanio cha kidoleni. Pumzi haina mashine katika wodi zetu nyingi. Inataka ukae, utazame kifua kikipanda na kushuka, uhesabu dakika nzima. Dakika nzima ni ndefu sana kwa mtu mwenye wagonjwa arobaini. Kwa hiyo utakuta chati ya wodi nzima watu wanapumua ishirini ishirini, mzee wa nimonia na kijana aliyevunjika mguu. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Akifika 28 au 30 mwili wake unapiga mbiu, mara nyingi kabla kitu kingine chochote hakijabadilika. Kichanga wa siku chache hufika 40, hata karibu na 60, naye hupumua kwa kurukaruka, anatulia kidogo kisha anakimbia, hivyo ukihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili umejidanganya. Usimwambie mgonjwa kuwa unahesabu pumzi zake, maana ataanza kupumua kwa kukutazama. Shika mkono wake kana kwamba bado unapima mapigo, macho yako yawe kifuani.

Kwa ajili hiyo nimekuwekea saa yangu. Iko katika mfuko mdogo wa begi, ndani ya soksi. Ni ile ya kubana kifuani, yenye mshale wa sekunde. Simu ina saa, najua, lakini simu inatoka mfukoni na vijidudu vyake, na ukishaitoa utaona ujumbe, na ukiona ujumbe umepoteza hesabu.

Chuoni watakusimulia habari za Florence Nightingale. Kila tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa mwaka 1820, wauguzi duniani huwasha mishumaa na kula kiapo upya, nawe utavaa nyeupe ukaimba. Ni vizuri. Watakuambia alikuwa mwanamke wa taa, aliyezunguka usiku kati ya askari majeruhi kule Scutari wakati wa vita vya Krimea. Mimi nimeishika taa miaka mingi, hasa umeme ulipokatika, nami nakuambia taa ni sehemu ndogo ya habari yake. Mama yule alikuwa mtu wa daftari. Alihesabu nani kafa, lini, kwa nini, halafu mwaka 1858 akawachorea wakubwa wa Uingereza michoro ya rangi iliyoonyesha kwamba askari wengi hawakuuawa na risasi za adui. Waliuawa na maradhi ambayo usafi ungeyazuia. Mwaka huo huo chama cha wanatakwimu wa London kilimpokea kuwa mwanamke wa kwanza miongoni mwao. Waheshimiwa wale wasingemsikiliza kwa huruma yake. Walisikiliza namba, na namba zile zilisimama kwa kuwa hazikupikwa. Shule yake ya wauguzi pale hospitali ya St Thomas' aliifungua mwaka 1860, na wewe Jumatatu ijayo unaanza katika mlolongo ule ule.

Sasa nije kwenye lile unaloliona zito. Najua uliomba udaktari. Najua uuguzi ulikuwa chaguo lako la pili, na majina yalipotoka ulikaa kwenye mwembe mpaka giza likaingia. Na nimemsikia mjomba wako akicheka, “Dume zima unakwenda kuwa nesi?” Sikumjibu siku ile. Nakujibu wewe.

Mwaka 1987 nilihamishiwa Kagera. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini mwetu walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983, na watu wakauita Juliana, jina la kitambaa kilicholetwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Nilikuta wodi zimejaa watu wa umri wangu. Dawa ya ugonjwa wenyewe haikuwapo. Daktari alipita asubuhi, mtu mwema, na nilimwona kila siku akisimama mbele ya vitanda vile akiwa hana la kuandika. Angeandika nini? Alikunja faili akaendelea.

Sisi hatukuweza kuendelea, kwa sababu mgonjwa alikuwa bado yupo. Kinywa kimejaa utando mweupe: tulikisafisha, tukampaka ile dawa ya zambarau ili aweze kumeza uji. Anaharisha: tulichanganya maji ya chumvi na sukari, tukampa kijiko kwa kijiko. Ngozi imebaki juu ya mfupa: tulimgeuza kila baada ya saa mbili, kushoto, kulia, usiku kucha, asipate kidonda cha kulalia. Ndugu wengine waliogopa hata kumshika, wakawa wanasukuma sahani kwa mguu. Tulikuwa tunajua kuwa kumshika hakuambukizi, kwa hiyo tulimshika mbele yao, makusudi, tukakaa kwenye ukingo wa kitanda wakituona. Wiki ya pili mama mtu naye akamshika mwanawe.

Na kila jioni nilimpima kila mmoja. Mwenzangu mmoja aliniuliza faida yake nini, kumpima mtu ambaye tunajua anakufa. Sikuwa na jibu la kitabuni. Ila nilikuwa nimekwisha kuwaona wagonjwa wanavyonisubiri na ile saa. Kijana mmoja, mwalimu, sauti ilikuwa imekwisha kumtoka, alikuwa akiniona tu anatoa mkono nje ya shuka na kuulaza tayari, kiganja juu. Maana kuhesabiwa pumzi kulimwambia kuwa bado yumo katika hesabu yetu. Vidonge vya kupunguza makali serikali ilipoanza kuvitoa bure, mwaka 2004, mwalimu yule alikuwa kaburini miaka mingi. Lakini mkono wake alikuwa anautoa mpaka jioni ya mwisho, na kwenye chati yake jioni ile niliandika 36, kwa sababu zilikuwa 36.

Basi mtu akikucheka kwamba umekwenda kuwa nesi, mwache. Udaktari ni kazi njema na sijasema uliomba kitu kibaya. Ila usije ukaingia darasani ukiwa na moyo wa mtu aliyefika kwa bahati mbaya, ukisubiri kuhamia kozi nyingine. Nimewafundisha wa namna hiyo. Miaka minne wanamwangalia mgonjwa kama mtu anayengoja basi anavyoiangalia stendi.

Masomo ya mwaka wa kwanza yatakuelemea. Anatomia, fiziolojia, biokemia, na majina ya Kilatini yasiyoisha. Utasikia wenzako wakitishana habari za sapu, yaani kurudia mtihani, na kudisko, yaani kuondolewa chuoni, mpaka usilale. Lala. Soma na wenzako wawili watatu, mwelezane kwa Kiswahili kwanza mpaka jambo lieleweke, halafu mlirudie kwa Kiingereza cha mtihani. Siku mtakayoonyeshwa maiti wa kujifunzia, ukisikia kizunguzungu kaa chini, hakuna aibu. Aibu ni kumfanyia mzaha. Alikuwa babu au shangazi wa mtu. Utafundishwa kuchoma sindano kwenye mwanasesere, na mwanasesere hashtuki, halii, wala hana mshipa unaokimbia. Kwa hiyo usijisifu mpaka umemchoma mama mzee aliyekaukiwa maji, mara ya kwanza ukakosa, ukamwomba radhi, ukamwita mwenzako anayeweza kuliko wewe. Mikono osha kabla ya kumgusa mtu na baada ya kumgusa, hata kama maji yako mwisho wa korido. Hilo sitalirefusha, umelelewa.

Wodini utawakuta kina dada wa cheti na stashahada waliokaa pale miaka ishirini. Wewe utakuwa na shahada. Hapo wengi huharibikiwa. Shahada itakufundisha kwa nini mpira wa mkojo unawekwa, na yule dada ataweza kuuweka gizani bila kumuumiza mtu. Mwamkie. Msaidie kutandika vitanda. Mwombe akuonyeshe, na akikuonyesha njia ya mkato ambayo kitabu kimeikataza, usimvunjie heshima mbele ya mgonjwa, mwulize pembeni. Wahudumu wanaofagia pia waamkie, maana usiku wao ndio wa kwanza kuona nani hakugusa chakula.

Na watu wanatuogopa, baba. Lazima nikiri. Ukipanda daladala useme wewe ni muuguzi, mtu atakusimulia jinsi nesi alivyomtolea lugha chafu alipokuwa na uchungu wa kuzaa. Nimeyasikia haya msibani, harusini, sokoni, na siku hizi sibishi, nasikiliza tu. Wewe ni mwanamume na utaingia wodi za wanawake. Mwite mama kwa jina lake, si “kitanda namba saba.” Shikamoo kwanza, pazia pili, na kabla ya kumfunua mwombe ruhusa, umwite mwenzako wa kike asimame nawe. Akikataa, usinune. Ukimwona ana hofu mwambie unachotaka kufanya kabla hujafanya.

Mkopo ukitoka, lile mnaloliita bumu, nunua kwanza viatu vya kufunika vidole, visivyoteleza. Vingine utajua mwenyewe. Usinitumie hela.

Miaka minne ikiisha kuna mwaka wa mafunzo tarajali, kisha leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Labda baadaye utataka kwenda Uingereza au Ghuba kama wengi wanavyokwenda. Sitakuzuia. Huko wana mashine zinazohesabu pumzi zenyewe, lakini mashine hizo nazo hukosea mgonjwa akijigeuza, na bado wewe ndiye utakayetia sahihi.

Nirudi kwenye mkono wangu. Leo asubuhi, ulipokwenda kuwaaga rafiki zako, nilitembea mpaka kituo cha afya. Nilikwenda polepole, nimepumzika mara mbili njiani. Wamenipima, nikakaa, wakanipima tena: 158 kwa 96. Nilikuwa nakunywa nusu kidonge kwa sababu nilijiona sijambo, na kama ningeishika namba yako ningeendelea na nusu ile mpaka siku ambayo nisingeweza kuamka. Sasa nimerudishiwa kidonge kizima na wameniongezea kingine, na nimeambiwa nipunguze chumvi, jambo ambalo mimi mwenyewe nimewaambia watu maelfu.

Mashine nimeirudisha juu ya kabati la vyombo. Ukija likizo utanifunga tena kitambaa, utaniacha nitulie kama ulivyofanya, na itakapolia utanisomea kinachoonekana pale, chote, hata kama sauti yako itatetemeka. Nitaleta daftari langu la jalada la bluu. Utaandika wewe, kwa kalamu, na tarehe, nami nitaweka sahihi chini yako.